UTI ikirudi, oteshesha mkojo kwanza

Dada zangu, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikirudi msikimbilie duka la dawa kununua zilezile za mara iliyopita. Mara nyingi anayesumbua ni E. coli, bakteria wa utumbo mpana anayepanda kupitia mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una sentimita 4 hivi tu. Siku hizi ameshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Kabla ya kidonge cha kwanza, omba mkojo uoteshwe maabara, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe na kujaribiwa kwa dawa; majibu ya siku 2 au 3 yataonyesha dawa inayomuua. Unapotoa mkojo wa kupima, jisafishe, wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Upeleke mapema, maana ukikaa kwenye joto vijidudu huzaliana, majibu yakapotosha. Mjamzito, au mwenye homa na maumivu ya ubavuni, aende hospitali leoleo.