SOMO: Kuchagua mkanda wa grinda ndogo ya mezani na kuitengeneza inaposumbua

Ushauri mwingi kuhusu mikanda ya msasa hutolewa na mafundi wenye mashine kubwa, zile za mkanda wa 50 × 1830 mm na mota ya nguvu. Ukiufuata kwenye grinda ndogo ya mezani utatupa pesa. Mashine ndogo ina mota dhaifu na mkanda mfupi. Uchaguzi wote uanzie hapo.

Hatua ya 1: Pima

Saizi inayoonekana sana ni 25 × 762 mm, yaani inchi 1 kwa 30. Zipo pia za 25 × 1067 mm (1 kwa 42) na zile pana za 100 × 914 mm (4 kwa 36). Mkanda wa zamani ukiwepo, ukate, ulaze sakafuni, upime. Usipokuwepo, zungusha uzi kwenye magurudumu yote huku mkono wa springi, ule unaokaza mkanda, ukiwa katikati ya mwendo wake. Ukipima springi ikiwa imelegea kabisa, utanunua mkanda usiokazika.

Hatua ya 2: Chagua chembe

Chembe ndizo punje kali za msasa zinazokata. Aluminiamu oksaidi ndiyo ya bei nafuu, nayo inafaa kwa mbao, chuma cha kawaida na kunoa. Zirkonia ni ngumu zaidi na hudumu kwenye chuma. Seramiki ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na kwenye mashine kubwa sifa hizo inastahili. Lakini chembe zake hujinoa kwa kuvunjika, na ili zivunjike lazima ukandamize hasa. Mota ya wati 250 ukiikandamiza hivyo inazimika. Matokeo yake chembe hazivunjiki, zinakuwa butu na kung'aa, na mkanda wa bei kubwa unabaki kuchoma chuma bila kukikata. Zirkonia nayo inapenda mkandamizo, ila haidai mwingi kiasi hicho.

Mimi ningeanza na zirkonia namba 60 au 80 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kwa kutoa umbo, kisha aluminiamu oksaidi 120, 220 na 400. Usiruke kutoka 60 hadi 220: mikwaruzo ya 60 itabaki, na utamaliza mkanda laini ukihangaika kuifuta. Silikoni kabaidi iache kwa ajili ya kioo na mawe.

Hatua ya 3: Tazama mgongo wa mkanda

Kitambaa chepesi, kinachoandikwa J nyuma, hupinda vizuri kwenye gurudumu dogo. Vya X na Y ni vizito. Kwenye mashine fupi vinagonga kila kiungio, pale ncha za mkanda zilipounganishwa, kinapopita. Kukiwa na mshale nyuma, ufuate, maana kiungio cha kupandiana kikienda kinyume hukwama kwenye kazi na kubanduka. Kiungio kilichobandikwa utepe kwa nyuma kwa kawaida huenda pande zote.

Hatua ya 4: Funga na unyooshe

Chomoa plagi. Bonyeza mkono wa springi, vika mkanda, achia. Uzungushe kwa mkono mizunguko kadhaa huku ukigusa kitasa cha kunyooshea kidogo kidogo, mpaka mkanda utulie katikati. Ukishatulia, washa na uzime mara moja uone. Mkanda unakaa katikati kwa sababu gurudumu limevimba kidogo pale kati. Uvimbe huo ukiisha kwa kulika, hakuna kitasa kitakachokusaidia.

Hatua ya 5: Matengenezo

Kabla ya kulaumu mkanda, uvue na uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza au likicheza, beringi imekwisha. Soma namba iliyochorwa pembeni yake. 608, kwa mfano, ina tundu la mm 8, kipenyo cha nje mm 22 na unene mm 7. Nunua yenye mpira pande zote mbili (2RS) badala ya kifuniko cha bati (ZZ), kwa sababu vumbi la grinda linapenya bati. Unapoiingiza ndani ya gurudumu, sukuma pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani, unaiua kabla haijafanya kazi.

Bamba la nyuma ya mkanda likichimbika, kila kitu unachosaga kitatoka na mgongo wa mviringo. Lisawazishe au uweke jipya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kisu changu kinageuka bluu kwenye ncha hata nikigusa kidogo.*

Bluu ni kama nyuzi 300, na kwa visu vingi hapo ugumu umeshapotea. Piga hesabu: gurudumu la mm 100 kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika huupeleka mkanda karibu mita 15 kwa sekunde. Mkanda wa mm 762 basi unapita mahali palepale karibu mara 20 kila sekunde, hivyo haupati muda wa kupoa. Tumia mkanda mkali, pitisha kisu bila kusimama, na kichovye majini kila baada ya mpito. Shika bila glovu: kidole kikiungua, chuma nacho kiko njiani, na glovu ikinaswa na mkanda inavuta mkono.

*Mota inanguruma lakini haizunguki. Nikiisukuma kwa mkono inaondoka.*

Ikiwa ni mota yenye kapasita (kile kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuondoka), shuku kapasita kwanza. Na acha kuisukuma. Chomoa plagi, toa chaji iliyobaki kwa rezista, kisha weka nyingine yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za awali.

*Mikanda mipya inakatika kwenye kiungio.*

Imekaa muda gani, na wapi? Gundi huzeeka, na unyevu huiharibu. Itundike pakavu kwenye bomba nene, msumari unaikunja.

*Naweza kusaga aluminiamu?*

Unaweza, ila chembe zitaziba haraka, na kipande cha mpira mbichi cha kusafishia mikanda hakitazizibua vizuri kama kwenye mbao. Jambo kubwa ni vumbi: la aluminiamu likikutana na cheche za chuma linawaka vibaya. Safisha mashine yote, na mfuko wa vumbi kama unao, kila unapohama kutoka moja kwenda jingine.