Mageuko ndani ya chupa: jaribio la hamira kwa chama cha sayansi

Nafundisha baiolojia Malindi. Mada ya mageuko ya viumbe ikifika, kidato cha nne huikariri kama historia: visukuku, mifupa ya kale, basi. Mimi nataka wayaone yakitokea. Kiumbe kinachotufaa ni hamira ile ile ya mahamri: huzaana upesi, na hupenda nyuzijoto 30, ambazo hapa kwetu twazipata bila mashine.

Njia yenyewe ilichapishwa mwaka 2012 na William Ratcliff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kila siku waliiacha hamira ituame, wakaendeleza zile tu zilizowahi kufika chini. Kabla ya siku 60 kupita, chembe (seli) zilizokuwa zikiishi moja moja zilikuwa zimegeuka vishada vyenye matawi.

Anza na chakula. Chemsha gramu 200 za viazi vilivyomenywa, chuja kwa kitambaa, acha wanga utuame, kisha mimina maji ya juu yaliyo safi na uyafikishe lita moja. Wanga usiuachie hata kidogo, kwa sababu nao hutuama, na utaudhania hamira. Ongeza gramu 20 za glukosi. Tia mililita 10 katika kila chupa ndogo, ziba kwa pamba, pika dakika 20 kwenye sufuria ya presha. Kifuniko cha kukaza ni hatari: gesi ya hamira hupasua chupa.

Sasa mzazi. Usichote hamira kwenye pakiti ukaitia moja kwa moja, maana mna mabilioni ya chembe na pengine bakteria pia. Ipake kwenye sahani ya agari (chakula kilichogandishwa kama jeli), ngoja siku mbili tatu, halafu chukua doa moja lililosimama peke yake. Doa hilo ni uzao wa chembe moja, kwa hivyo karibu tofauti zote utakazoziona baadaye zimezaliwa mikononi mwako. Sehemu yake changanya na gliserini uigandishe. Bila huyo babu kwenye friza hutakuwa na wa kumlinganisha na wajukuu.

Andaa chupa sita, tatu za mchujo na tatu za kulinganisha. Zitikise mara kadhaa kwa siku. Kila siku saa ile ile, mimina kila moja kwenye neli yake na uzisimamishe zote dakika 45. Kwa zile za mchujo, shusha bomba la sindano safi polepole hadi chini kabisa, uvute mililita 0.1, uitie kwenye chakula kipya. Zile za kulinganisha zitikise kwanza ndipo uvute kiasi hicho hicho. Tofauti iwe hiyo moja tu. Ukihamisha sehemu moja kati ya mia, hamira itajazana tena kwa kujigawa mara sita na nusu hivi, yaani vizazi sita na ushei kwa siku.

Mwalimu mwenzangu, usikubali kupunguza chupa. Richard Lenski, mwanabiolojia wa Marekani, alianza na chupa 12 za bakteria E. koli tarehe 24 Februari 1988, zote za mzazi mmoja. Baada ya vizazi zaidi ya 30,000, moja tu ndiyo iliyopata uwezo wa kula sitrati (chumvi ya asidi ya limau) penye oksijeni. Angekuwa na chupa moja, angejuaje kama jambo hilo ni la kawaida au la nadra?

Wazazi watauliza kama watoto wanapika pombe. Swali lao ni la haki. Waite mapema, waonyeshe mililita 10 zenyewe, waeleze kwamba kila kilichobaki huuliwa kwa klorini siku hiyo hiyo. Likizo ikifika, weka chupa kwenye friji. Wakati wa masika angalia ukungu kwenye pamba.

Usiwaahidi wanafunzi tarehe. Hamira ya dukani mara nyingi ina nakala nyingi za kila jeni, na nakala moja ikiharibika nyingine huificha, kwa hiyo huenda ikachelewa kuliko ile ya Minnesota. Kila wiki tazama tone kwenye darubini. Lundo la ovyo halitoshi. Tafuta chembe mama na binti walioshikana pale pale walipochipukia, tawi juu ya tawi.

Ukiviona vishada, usishangilie bado. Vikuze siku kadhaa kwa kutikisa tu, bila mchujo wowote. Kisha mfufue babu kutoka kwenye friza, mkuze vivyo hivyo, na uzisimamishe neli zao bega kwa bega, saa mkononi. Ikiwa wajukuu bado wanamtangulia kufika chini, wamerithi. Wakiwa sawa naye, rudi kwenye mchujo uendelee.