Chakula cha goldfish cha mabuu na soya, kile kinameng'enyeka

Omena ya kulisha samaki imepanda bei, so wengi wetu tunaofuga goldfish na koi hapa Nairobi tumeingilia mabuu ya BSF (black soldier fly, aina ya nzi mweusi) na soya. Ni sawa kabisa, lakini usidanganywe na ile asilimia ya protini imeandikwa kwa gunia. Maabara hupima naitrojeni halafu wanazidisha na 6.25 kukadiria protini, sasa shida ni ngozi ya buu iko na kaitini (ile kitu ngumu ya ganda la wadudu), na kaitini ina naitrojeni yake ambayo si protini, kwa hivyo kwa mabuu kizidisho cha ukweli kiko karibu 4.76. Gunia likisema 42, wewe soma 32. Na hata hiyo 32 haiingii yote mwilini, ingine inatoka na kinyesi inaozea kwa tangi inakuwa amonia.

Alafu goldfish, tofauti na tilapia, hana tumbo la asidi, chakula kinaingia kwa utumbo moja kwa moja. Kazi ya tumbo ya kulainisha chakula lazima uifanye wewe jikoni.

Mabuu chukua yakiwa bado rangi ya krimu, yakishageuka kahawia ngozi imekomaa na kaitini imezidi. Tumbukiza kwa maji yanayochemka kama dakika 2, kausha, kamua mafuta na kitambaa yakiwa moto (ukiruka hapa utaona utando wa mafuta juu ya maji), saga na blenda, chekecha na kichungi cha chai, zile chembe zinabaki juu rudisha usage tena, tafadhali usizitie hivyo tu.

Soya ndio watu wanaharakisha sana na inaniuma kuona. Soya mbichi inazuia tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na goldfish hana pepsini (kimeng'enya cha protini cha tumboni) ya kumsaidia. Loweka usiku, mwaga hayo maji, chemsha nusu saa, kausha, saga. Ukikaanga isiungue, laisini (sehemu muhimu ya protini) inaharibika. Mashudu ya pamba achana nayo, iko na gosipoli, sumu ya mbegu za pamba.

Mimi kwa gramu 100 naweka omena iliyosagwa 30, mabuu 20, soya 20, unga wa ngano 25, spirulina (unga wa mwani) 5 ya rangi, na premiksi kidogo ya vitamini. Ngano pika uji mzito kwanza, wanga mbichi haimeng'enyeki vizuri. Kanda, kamua kama tambi, kausha kivulini, katakata.

Watafiti hupima umeng'enyaji kwa kuchanganya oksaidi ya kromiamu kwa chakula, juu samaki haimeng'enyi, alafu wanaitafuta kwa kinyesi. Nyumbani tumia macho na kipimo cha amonia. Badilisha chakula polepole, robo kwanza, lisha kidogo mara 3 kwa siku. Ukiona chembe nzima kwa kinyesi rudi kwa kusaga, na amonia ikipanda juu ya 0 badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo, punguza soya kwanza kabla uguse mabuu.