Mwalimu wa lugha ajiendelezeje? Anza na dakika 10 za sauti yako

Walimu wengi wa lugha wakisikia habari ya kujiendeleza huwaza barua ya mwaliko, semina ya siku mbili na cheti mkononi. Semina zina faida yake, na tutazifikia. Tatizo ni kwamba mwalimu anayeingia semina bila kujua darasa lake linakwama wapi hutoka na daftari lililojaa, halafu Jumatatu anafundisha vilevile alivyofundisha Ijumaa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia darasani, kisha unakwenda kwenye kozi, vyeti, makongamano na ufadhili.

Jirekodi kabla ya kujiandikisha popote

Simu ya kawaida inatosha. Rekodi sauti tu, kwa sababu kamera huwafanya wanafunzi waigize, na mwalimu pia. Kwanza omba idhini ya mkuu wa shule, na ya wazazi kama unafundisha watoto. Waeleze kwamba unataka kujisikiliza mwenyewe, na uwatajie lini rekodi itafutwa.

Zima mtandao wa simu ili isiite katikati ya somo. Ilaze juu ya kitambaa kwenye dawati la safu ya katikati, maana dawati tupu hukuza kila mlio wa kalamu. Ukiiacha mezani kwako utajisikia wewe tu, na utadhani darasa zima lilikuwa bubu. Rekodi ya siku ya kwanza usiitumie, kwani wanafunzi watakuwa wananong'ona habari za simu. Ya pili au ya tatu ndiyo itakayokuonyesha darasa lako lilivyo.

Usisikilize kipindi kizima ukiwinda makosa, utachoka na kukata tamaa. Chagua dakika 10 ambazo wewe na darasa mlikuwa mnazungumza, uziandike neno kwa neno, vigugumizi na yote. Kazi hiyo hula saa nzima na zaidi, hasa darasa likiwa na kelele, kwa hiyo igawe kwa jioni mbili. Kisha hesabu mambo matatu.

La kwanza ni maswali. Kila swali ambalo tayari ulilijua jibu lake ("Hiki ni nini?") lipe alama M, yaani swali la mtihani. Kila swali ambalo hukulijua jibu lake ("Wewe ungemjibu nini?") lipe alama K, yaani swali la kweli. Maswali ya mtihani hayana ubaya, lakini ukikuta M 25 na K moja, wanafunzi wako wanajifunza kujibu mtihani, si kuzungumza. Mtu hawezi kuzoea kueleza wazo lake katika lugha ambayo hakuna anayemuuliza wazo lake.

La pili ni sekunde za kusubiri, tangu unapomaliza swali mpaka mtu afungue kinywa. Ukikuta aliyekifungua ni wewe mwenyewe, liandike hilo pia. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, alionyesha kwamba walimu husubiri kwa kawaida sekunde moja hivi. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Katika somo la lugha haja ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anatafuta wazo na maneno kwa wakati mmoja. Utaratibu mzuri ni kuuliza, kuhesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo kutaja jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wameshapumzika.

La tatu ni masahihisho, na hapa ndipo rekodi hushangaza zaidi. Tazama mfano wa darasa la Kiswahili kwa wageni:

Mwanafunzi: Kitabu changu imepotea.
Mwalimu: Lo, kitabu chako kimepotea? Pole! Wapi?
Mwanafunzi: Imepotea kwenye basi.

Mwalimu anaamini amesahihisha. Mwanafunzi amesikia pole. Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada na kutoa matokeo yao mwaka 1997, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho yote yalikuwa ya aina hii: mwalimu anairudia sentensi ikiwa imenyooshwa, mazungumzo yanaendelea. Ndiyo njia iliyotumika zaidi na ndiyo iliyoitikiwa kidogo zaidi, chini ya theluthi moja ya mara zote. Sasa angalia njia nyingine:

Mwanafunzi: Kitabu changu imepotea.
Mwalimu: Kitabu changu…?
Mwanafunzi: Kitabu changu ki… kimepotea.

Mwalimu hakutoa jibu. Alisimama mlangoni mwa kosa, akangoja. Kama mwanafunzi angekwama, hatua inayofuata ni kumkumbusha kanuni kwa maneno machache: "Kitabu, ngeli ya KI-VI." Njia hii si ya kila mara. Mwanafunzi anaposimulia jambo zito lililomgusa, mwache amalize. Na usijaribu kusahihisha kila kitu. Chagua aina moja ya kosa kwa kipindi, mengine yaandike pembeni.

Katika hesabu hizo utapata swali lako. "Nataka kuboresha stadi ya kuzungumza" ni nia tu, huwezi kuipima. Swali ni hili: nikisubiri sekunde 3 kabla ya kutaja jina, wanafunzi wangapi tofauti watasema katika dakika 10? Jipe wiki 6. Ya kwanza, pima hali ilivyo. Wiki nne zinazofuata, badilisha jambo hilo moja tu, ukirekodi dakika 10 kila wiki. Ya sita, linganisha. Wanaoharibu hapa ni wale wanaobadilisha mambo matatu kwa pamoja: darasa likichangamka hawajui lipi lililosaidia, likidorora hawajui lipi la kuacha. Andika matokeo kwenye ukurasa mmoja na uutunze, utautumia zaidi ya mara moja huko mbele.

Mwenzako akae nyuma ya darasa

Mwalimu mwenzako huona kile ambacho sauti haikionyeshi: nani anachungulia daftari la jirani, upande gani wa darasa humwangalii kamwe. Kutaneni dakika 10 kabla ya somo, umpe kazi moja tu. Iliyo rahisi ni kuchora madawati kwenye karatasi na kuweka alama kila mwanafunzi anaposema. Karatasi hiyo mara nyingi humaliza ubishi yenyewe: alama zimejaa mbele na katikati, pembe mbili za nyuma ni nyeupe.

Mpango huu hufa kwa sababu zinazojulikana. Mtazamaji anageuka mkaguzi. Tiba yake ni kuandika kilichotokea, si hukumu: "Saa 4:12 umeuliza, umejibu mwenyewe" inafaa, "Unaharakisha sana" haifai. Baada ya somo, aliyefundisha ndiye aanze kuzungumza. Sababu ya pili ni kuchelewa kurudisha zamu. Nawe nenda kwake wiki hiyohiyo, la sivyo atahisi alitumika. Ya tatu ni uongozi kuidai karatasi ili itumike kupima utendaji. Kubalianeni mapema, na mkuu wa shule ajue, kwamba karatasi ni mali ya aliyefundisha.

Mwenzako si lazima afundishe lugha yako. Pengine ni afadhali asiifundishe. Mwalimu wa lugha nyingine hutazama ufundishaji, wa lugha yako hunasa kwenye sarufi.

Lugha yako nayo inachakaa

Ukizungumza na wanaoanza kutwa nzima, msamiati wako hujikunja ukafanana na wao. Walimu hawapendi kulisema hili. Jipime kwa ngazi zinazotambulika, kwa mfano zile sita za Baraza la Ulaya, A1 hadi C2, zilizotolewa mwaka 2001 na kupanuliwa mwaka 2020, au za ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani. Kisha jiwekee nusu saa mara tatu kwa wiki ya kusoma au kusikiliza kitu kilicho juu ya kiwango cha darasa lako, na ukurasa mmoja wa kuandika ambao mtu mwingine atausahihisha. Kusoma tu hakutoshi, kwa sababu uandishi ndio unaofichua kile ulichodhani unakijua.

Kozi na vyeti: uliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza kwa watoa kozi yoyote ni hili: nitafundisha wanafunzi halisi kwa saa ngapi, na nani atanitazama? CELTA, cheti cha Cambridge kwa walimu wa Kiingereza, ina angalau saa 120 za mafunzo. Ndani yake unafundisha saa 6 mbele ya mkufunzi, wanafunzi wakiwa wa viwango viwili tofauti, unawatazama walimu wazoefu saa 6, na unaandika kazi nne. Kozi nyingi za mtandaoni hutangaza "saa 120" kana kwamba ni kitu kilekile. Namba ni ileile, ila mara nyingi zile saa 6 za kufundisha hazimo, na mwajiri anayejua mambo huziulizia hizo.

Kama huna muda au fedha za kiasi hicho, TKT, mtihani wa walimu wa Kiingereza wa Cambridge pia, hufanywa moduli moja moja. Kila moduli kuu ina maswali 80 ya kuchagua kwa dakika 80, na matokeo hutolewa kwa daraja 1 hadi 4, bila kufeli. Inapima ujuzi wa nadharia, haikuonyeshi ukifundisha, basi usiiuze kama kitu kingine. Kwa walimu wa Kijerumani, mafunzo ya Goethe-Institut yaitwayo Deutsch Lehren Lernen yana jambo la kuigwa na lugha zote: mshiriki huchunguza swali dogo ndani ya darasa lake mwenyewe. Aliyekwisha kufanya zile wiki 6 anaingia humo akiwa hatua moja mbele.

Kozi za bure mtandaoni zinaanzwa na wengi na kuachwa na wengi. Jiandikisheni watatu pamoja, mpange siku na saa moja isiyobadilika, na kila somo litoke na jambo moja la kujaribu darasani wiki hiyo.

Makongamano na ufadhili

Walimu wa lugha wana vyama vikubwa: TESOL International (1966) na IATEFL (1967) kwa Kiingereza, FIPF (1969) kwa Kifaransa, na CHAUKIDU kwa Kiswahili. Kongamano lenye ufadhili wa nauli hufunga maombi mapema mno, mara nyingi nusu mwaka au zaidi kabla ya siku yenyewe. Mwalimu anayeanza kutafuta tangazo limeshasambaa kwenye makundi ya simu kwa kawaida amechelewa. Weka kwenye kalenda siku mbili kwa mwaka za kupitia tovuti za vyama unavyovitaka.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mada unayoomba kuiwasilisha kwenye kongamano, ndiyo tiketi. Ule ukurasa wako mmoja una karibu kila kitu: tatizo, darasa la namna gani, ulibadilisha nini, ulipata nini, na mshiriki ataondoka na nini. Kichwa kama "Umuhimu wa mazungumzo katika ufundishaji wa lugha" hakimwambii mtu chochote. "Sekunde tatu: nani huanza kusema mwalimu akinyamaza?" kinaahidi jambo na unaweza kulitimiza. Maombi hutupwa kwa vitu vidogo: maneno yamezidi kiwango, jina lako limo mahali ambapo waamuzi hawatakiwi kukujua, au umeahidi mambo sita kwa dakika 30.

Barua ya ufadhili nayo iwe na namba. "Nafundisha wanafunzi 60 katika chumba kimoja, wiki 6 nimepima hivi, nikapata hivi" inamshinda yule anayejieleza kwa mistari minne jinsi anavyoipenda kazi yake. Mdhamini wako, yaani anayekuandikia barua ya kukupendekeza, mpe wiki tatu, umtumie wasifu wako na mambo matatu ungependa ayataje. Ukimwomba jana yake, atakuandikia barua ambayo ingemfaa mtu yeyote. Pasipoti iangalie mapema, kwani nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 zaidi ya safari. Na jina kwenye maombi, vyeti na pasipoti liwe lilelile, herufi kwa herufi.

Kwa anayetaka kukaa nje muda mrefu kuna FLTA, chini ya Fulbright, mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani. Humpeleka mwalimu kijana kufundisha lugha yake katika chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, Kiswahili kikiwamo, huku naye akisoma. Soma masharti ya nchi yako, yanatofautiana.

Ukirudi

Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Chagua jambo moja ulilojifunza, lifundishe, ujirekodi tena zile dakika 10. Wenzako wakikuomba uwaeleze, usiwaonyeshe slaidi. Wafanyishe zoezi lenyewe kama wanafunzi kwa dakika 15, kisha mzungumze 15. Weka jedwali la safu nne: tarehe, mafunzo, saa, na kilichobadilika darasani. Safu ya nne ikibaki tupu mara tatu mfululizo, badilisha aina ya mafunzo unayohudhuria. Vyeti vipige picha siku unayopewa, na faili uzipe majina yanayoanza na tarehe, mwaka kwanza. Jina kama "cheti kipya 2 mwisho kabisa" hutalipata usiku ule maombi yanapofungwa.