Kutoka Nairobi hadi Mai Mahiu kwa baiskeli: jinsi ya kuipanga siku

Anayetaka kwenda Mai Mahiu, mji mdogo ulio chini kwenye Bonde la Ufa, kwa baiskeli kwa siku moja na ahesabu saa kabla ya kuhesabu kilomita. Ukipitia Ruaka, Banana, Tigoni na Limuru, njia haifiki kilomita 70, na mwendeshaji wa kawaida huimaliza kabla ya alasiri. Hata hivyo, mimi hutenga siku nzima, kwa kuwa sehemu bora ya safari hii iko kwenye nyua za watu, na mwenye haraka huzipita.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunapopambazuka, ili upite Ruaka kabla magari hayajajaa. Kagua breki na upepo wa magurudumu usiku uliotangulia, kisha ufungashe pampu, viraka na gundi, tyubu moja ya akiba, spana, maji lita mbili na koti la mvua. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti ukungu wa Limuru huwa mzito na baridi yake huuma vidole, kwa hiyo glavu si anasa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ningekushauri uiache kabisa, kwa sababu lami iliyolowa kwenye mteremko wa Bonde la Ufa haina huruma.

Ongeza pia kilo moja ya sukari. Jambo hili nilijifunza karibu na Tigoni, tyubu yangu ilipotoboka mbele ya boma la shosho (bibi mzee) mmoja aliyekuwa akipalilia mboga. Nilipiga hodi nikaomba maji kidogo, naye akaniletea karai lililojaa. Nilipozamisha tyubu na kuizungusha polepole, vipovu vidogo vikapanda mfululizo kutoka kwenye tundu ambalo jicho lisingeliona, naye akaweka kidole juu yake ili nisilipoteze huku nikitafuta kiraka. Gundi ilipokuwa ikikauka, aliniletea chai ya maziwa katika kikombe cha bati na nduma mbili za moto. Nilipotoa pesa alizikataa, na niliona usoni mwake kuwa nimemkosea. Tangu hapo hubeba sukari, kwa maana zawadi ya jikoni hupokelewa kwa furaha pale ambapo noti huonekana kama malipo.

Ukikaribishwa, shuka kwenye baiskeli kabla ya kusalimu, vua helmeti, na uwaite wazee shosho (bibi) au guka (babu) kama wanavyoitwa huku. Eleza utokako na uendako, maana mgeni asiyejieleza huwatia watu wasiwasi. Kunywa kikombe cha kwanza hata kama huna kiu, na usipige picha ya mtu wala ya nyumba yake bila kuomba ruhusa.

Kupanda kwenyewe kunahitaji subira tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru karibu mita 2,200, na kati yake njia hushuka mabondeni na kupanda tena. Badilisha gia kuwa nyepesi kabla mlima haujaanza kukubana. Mashamba ya chai utakayoyapita yana historia ndefu, kwani chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903.

Kutoka mjini Limuru elekea Rironi, ambako barabara ya Mai Mahiu huachana na ile kuu ya Nakuru. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote, kwa sababu malori ni mengi, kona ni kali, na upepo wa ukingoni unaweza kukusukuma ghafla katikati ya barabara. Usiishikilie breki moja kwa moja hadi chini: ibane kwa nguvu kabla ya kona, iachie, kisha ubane tena, na usimame mara mbili au tatu ringi zipoe. Vituo hivyo havitakuchosha, kwa kuwa mbele yako bonde limefunguka lote na mlima Longonot umesimama katikati yake. Karibu na chini kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano waliokuwa wakiichonga barabara hii; ingia ndani upumzishe mikono.

Kurudi, panda matatu. Patana na makanga nauli ya baiskeli kabla haijafungwa kwenye keria, na uilaze kwa ubavu wa kushoto ili mnyororo na gia zibaki juu.