Jinsi ya kujua Fuso la mtumba limetoka enzi gani, bila kumsikiliza dalali

Ukienda kuangalia fuso la mtumba swali la kwanza ni "la mwaka gani hili", na dalali atakutajia mwaka wowote unaomfaa siku hiyo. Rangi mpya usiiangalie kabisa. Historia ya Mitsubishi, kampuni ya Kijapani iliyoanzisha Fuso, imeandikwa kwenye gari lenyewe, ukishajua nini kilitokea lini basi unalisoma tu kama gazeti.

Anza na karatasi. Omba kopi ya cheti cha Japani, kile kilichotoka na gari huko huko, kinaonyesha mwezi na mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Sasa kile cha Kijapani mwaka wake unahesabiwa kwa enzi ya mfalme, kwa hiyo ukikuta Showa jumlisha 1925, ukikuta Heisei jumlisha 1988, Reiwa jumlisha 2018. Heisei 8 ni 1996, hapo dalali akikwambia la 2004 unamcheka tu. Kwa ndugu zetu wa Kenya hii tarehe ndo kila kitu, maana gari la mtumba likipita miaka 8 tangu lisajiliwe huko halipokelewi.

Karatasi hakuna? Haya, tafuta kibao cha modeli, cha chuma kidogo, huwa kipo kwenye kebini. Utaona kitu kama KK-FK61 na herufi nyingine zinafuata. FK na FM ni familia ya Fighter, yaani hili fuso letu la kati la mizigo ya sokoni, FE ni kenta, FV ni lile kubwa la tairi kumi. Ila utamu uko kwenye herufi za mbele kabla ya kistari, watu wengi hawaziangalii. Hizo zinasema gari lilipita kipimo gani cha moshi Japani, na vipimo vilikuwa vinabadilika kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo ni kama tarehe. P- ni la miaka ya 80, U- ni mwanzoni mwa 90, KC- ni katikati ya 90 mpaka karibu na mwisho wake, KK- na KL- ni kuanzia kama 1999 mpaka 2003 au 2004 hivi, PA- na PJ- yanafuata hapo, halafu PDG-.

Na hizo herufi ndo sababu mengi yalisafiri. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki ina masizi meusi ndani akiitikisa, akisema huu ndo moshi wa dizeli tunaovuta. Haikuishia kwenye maneno, Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani wakapiga marufuku malori ya dizeli yasiyofikia kipimo, sasa mwenye lori la U- au KC- afanye nini, afunge kichujio cha bei, anunue jipya, au aliuze nje. Gari zima kabisa, injini haijachoka, linaondoka kwa sababu ya moshi tu. Kwa hiyo ukikuta la namna hiyo usidhani lilitupwa kwa ubovu.

Kibao hicho hicho soma na jina la mtengenezaji, hapa ndo historia yenyewe. Fuso la kwanza kabisa lilikuwa basi, B46, lilitoka kiwanda cha Mitsubishi Kobe mwezi wa tano 1932, la petroli, abiria 38. Kenta ikaja 1963. Mwaka 1970 Mitsubishi Motors ikaanzishwa ikachukua magari yote, madogo na malori, ndo maana ukisoma Mitsubishi Motors Corporation ujue gari limeundwa kabla malori hayajatengwa. Yalitengwa Januari 2003, ikazaliwa Mitsubishi Fuso Truck and Bus Corporation, na Wajerumani wa Daimler wakaingia na asilimia 43 mwaka huo huo. Nembo ya almasi tatu haikusaidii, ilibaki ile ile, soma jina.

Kama ni lile kubwa angalia juu ya kioo cha mbele, kuna taa tatu za kijani? Vijana wanadhani ni urembo. Sheria ya Japani ilikuwa inataka malori makubwa yaonyeshe spidi, chini ya 40 inawaka moja, mpaka 60 zinawaka mbili, zaidi ya hapo zote tatu. Sheria ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 90, kwa hiyo lenye taa hizo za kiwandani kwa kawaida ni la kabla.

Hayo hayo makubwa ya zamani mwambie fundi akague hub za mbele, yaani vitovu vinavyoshika tairi, kwa makini. Januari 2002 huko Yokohama tairi la lori lilichomoka likamuua mama mmoja akitembea na watoto wake, kampuni ikadai ni matengenezo mabaya ya wenye magari, mpaka 2004 ndo ikakiri hub zenyewe zina kasoro, wakubwa wakakamatwa. 2005 Mitsubishi Motors wakawaachia Daimler hisa zao zilizobaki kama fidia, Mjerumani akafika asilimia 85. Muulize muuzaji kama hub zilishabadilishwa, asipojua weka bei ya hub kwenye hesabu yako.

Mwisho injini, namba imegongwa kwenye bloku, futa grisi usome. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 4D33 ni nne, 6D16 ni sita. Hizi za D pampu yake ni ya kimakanika, fundi yeyote wa barabarani anaifungua. Ukikuta 6M60, hasa kwenye PA- na PDG-, kuna komoni reli, yaani dizeli inasukumwa kwa kompyuta, na sensa, inataka mashine ya kupima na dizeli safi, ya kwenye madumu sahau. Na ukikuta kibao kinasema KC- halafu bloku inasema 6M60 ujue injini ilibadilishwa, sio kosa, ila hakikisha namba hiyo ndo iliyo kwenye kadi kabla hujatoa hata shilingi, na dukani ukienda kununua spea taja namba ya injini, mwaka wa gari hautakusaidia hapo.