Kufundisha mafumbo ya Hisabati darasa la sita

Andika ubaoni: "Mama ananunua ndoo 6 za dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kila moja sh 12,000. Analipa nauli sh 8,000. Anauza kila ndoo sh 15,000." Swali la faida liache kwanza. Waulize wanafunzi tunajua nini, na tunaweza kutafuta nini. Wape dakika 3 za kimya, kisha 5 wawili wawili. Usidokeze njia, ukidokeza, watakariri tu.

Sasa uliza faida. Wengi watatoa 15,000 − 12,000, wazidishe kwa 6, wapate 18,000. Nauli wameiruka kwa sababu wanakimbilia namba zinazofanana. Usiseme "umekosa". Mwambie achore safu mbili, pesa iliyotoka na iliyoingia, na kila namba ya fumbo aipe nafasi yake:

Iliyotoka: 72,000 + 8,000 = 80,000
Iliyoingia: 90,000

Faida ni sh 10,000. Mwenye 18,000 ataona mwenyewe kwamba 8,000 haikuwa na pa kukaa. Hapo ndipo anapojifunza, kwa hiyo usimharakishe.

Kabla kengele haijalia, badilisha sharti moja: ndoo moja imeoza, haikuuzika. Mama anapata hasara ya sh 5,000. Wanaozidisha 15,000 kwa 6 bado hawajasoma fumbo.